Mteja Amebadilika, Mwenye Duka Je?

Samahanini kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana kweli. Leo nataka kuongelea maduka, na mdogo wangu wa Morogoro asome mpaka mwisho maana linamhusu.

Hapa Leicester kuna Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mmoja wao ana duka mtaani kwangu. Kiswahili chake ni cha Kampala lakini tunaelewana, huniita "dada nesi". Kwake napata mihogo, ndizi za kupika na unga wa ugali. Juzi kaniambia mwisho wa mwezi anafunga moja kwa moja. Kisa? "Supamaketi imeniua."

Jamani, nimemhurumia sana, ila naona supamaketi inasingiziwa kidogo.

Huku watu hawatembei na hela mfukoni siku hizi, hata basi tunalipa kwa kadi. Mzee kabandika karatasi mlangoni: kadi ni kuanzia pauni 5. Anasema benki inamkata. Ni kweli inamkata, lakini mtu aliyefuata maziwa tu anaisoma ile karatasi, anageuka. Akigeuka mara tatu harudi tena.

Halafu kuna suala la muda. Kwa sheria ya mwaka 1994, duka la hapa England lenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 280 haliruhusiwi kuuza zaidi ya saa 6 siku ya Jumapili. Maduka madogo hayakubanwa. Yaani Jumapili jioni yote ni riziki yao! Mzee wetu anafunga saa sita mchana. Siku za kazi nami natoka zamu saa mbili asubuhi na njaa yangu, yeye anafungua saa tatu. Basi naagiza vitu kwa simu, nalala, naletewa. Nakiri, nami ni mmoja wa waliomkimbia.

Na msidhani ukubwa ndiyo dawa. Woolworths ilikuwa na maduka zaidi ya 800 nchini hapa, yote yakafungwa kufikia Januari 2009. Wilko yenye maduka kama 400 nayo ikaanguka mwaka 2023.

Sasa mdogo wangu, umeniomba hela ya friji kubwa na rafu za vioo ili duka lifanane na supamaketi. Kwa sasa nasema hapana. Wewe unamjua mteja kwa jina, unampimia mafuta ya kupikia kwa hela aliyonayo, unamwandika kwenye daftari mpaka mshahara utoke. Supamaketi haiyawezi hayo. Lakini ukimwambia "chenji hakuna, chukua pipi", ukakataa kulipwa kwa simu, ukafungua duka watoto wameshaenda shule bila mkate, utakuwa umemfukuza mwenyewe. Wodini hatutoi dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nawe waulize wateja wako kwanza, halafu tuongee habari ya friji.

Yule mzee sikuwahi kumwambia haya, niliona ni kumkosea heshima mtu mzima. Najuta. Wewe nakwambia mapema.

Wengine mnasemaje? Nileteeni maoni yenu. Mama, shikamoo, Jumapili nitapiga simu.