Mgonjwa wa Saratani Asiende Mwanza na Barua Peke Yake

Hapa kwetu Maganzo na katika vijiji vya Kishapu, mtoto wa kiume akikojoa damu wapo wazee ambao bado husema kwamba amekua. Hajakua, ana kichocho. Mayai ya minyoo hiyo hukaa katika nyama ya kibofu miaka mingi yakiiumiza, na baadaye saratani huweza kuanza hapo hapo. Tangu mwaka 1994 kichocho cha mkojo kimetajwa na wataalamu wa dunia miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Sisi tunaooga na kunywesha ng'ombe katika malambo yafaa tulijue hilo. Lakini leo sitaandika juu ya kinga. Nataka kusema juu ya yule ambaye amekwisha kuambiwa kwamba kibofu chake hakina budi kutolewa.

Mgonjwa huyo hupewa barua ya rufaa kwenda Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Kanda yote ya Ziwa. Mabingwa wako huko. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba barua haitoshi. Kila anayengoja upasuaji mkubwa wa saratani apewe muuguzi mmoja, anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu, wa kumfuatilia tangu siku anapoambiwa ugonjwa wake mpaka atakaporudi nyumbani.

Mfikirie mchimbaji mdogo wa almasi. Kipande cha nyama kimepelekwa maabara, na jibu linaporudi yeye amekwisha kuhamia machimbo ya dhahabu Geita na kubadilisha simu. Anapatikana baada ya miezi miwili. Ndugu wanakubaliana kuuza ng'ombe, lakini mnadani bei imeanguka, basi wanangoja. Hatimaye anafika Mwanza, anapimwa, damu ni pungufu mno kwa sababu amekuwa akiikojoa muda wote huo, wala hakuja na ndugu wa kumchangia. Anaambiwa akaongeze damu kwanza. Nauli imekwisha. Ukiuliza nani amekosea, humpati: mganga aliandika, maabara ilipima, bingwa alikubali kupasua. Aliyekosekana ni wa kuziunganisha kazi hizo, na uvimbe ulikuwa ukikua siku zote.

Muuguzi mwenye daftari angeanza na damu mapema. Angempima hapa hapa, ampe vidonge vya madini ya chuma kwa maagizo ya daktari, na aseme na mama wa nyumba juu ya chakula: michembe peke yake haijengi mwili wa mtu atakayepasuliwa, aongezewe maharage, karanga, dagaa, mayai na maziwa. Sigara aiache angalau wiki 4 kabla. Dawa za kienyeji azitaje zote bila kuona haya, kwani nyingine huongeza kutoka damu, na muuguzi asimkaripie, maana akikaripiwa atazificha. Wachangiaji wa damu wapangwe kwa tarehe. Damu iliyohifadhiwa hudumu kama siku 35 tu, kwa hiyo ukoo mzima kuchangia miezi mitatu kabla hakumsaidii sana mgonjwa wenyewe.

Liko jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko hayo. Kibofu kikitolewa, mara nyingi daktari huchukua kipande cha utumbo mwembamba, akaunganisha humo mirija itokayo kwenye figo, na kutoa tundu tumboni upande wa kulia. Mkojo hutoka hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi, maisha yote. Mahali pa tundu hilo hupaswa kutiwa alama ya wino kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameketi, akisimama, kisha akiinama kama mtu anayelima. Tundu likiangukia kwenye mkunjo wa tumbo au chini ya mkanda wa suruali, mfuko hubanduka, mkojo huunguza ngozi, na mtu huyo huacha kwenda hata sokoni. Ni kazi ya dakika chache, lakini yataka muuguzi anayejua kwamba huyu ni mkulima au mchimbaji. Na aulize mapema mifuko itapatikana wapi na kwa fedha gani, maana itahitajika daima.

Vilevile mke na mume waketishwe pamoja na kuelezwa kwamba upasuaji huu mara nyingi hudhoofisha nguvu za mume katika unyumba. Nimeona wauguzi wakilikwepa jambo hili kwa aibu. Si haki mtu alijue akiwa ameshashonwa.

Nitaambiwa wauguzi ni wachache. Ni kweli, nami nafanya zamu kama wengine. Lakini uchache huo ndio sababu ya kuipanga kazi. Mwaka 1990 daktari mpasuaji Harold Freeman alianza jambo la namna hii katika hospitali ya Harlem, mtaa wa watu maskini mjini New York, akiweka watu wa kuwaongoza wagonjwa hatua kwa hatua. Zamani, kati ya wanawake 100 wenye saratani ya matiti pale, 39 tu walikuwa hai baada ya miaka 5. Baadaye, pamoja na upimaji wa bure, walifika 70. Wala wengi wa waongozaji hao hawakuwa madaktari.

Hospitali zetu ndogo zinaweza kuanza na muuguzi mmoja, alasiri mbili kwa wiki, daftari moja na simu yenye salio. Katika daftari ziandikwe namba tatu za simu kwa kila mgonjwa: yake, ya ndugu asiyehama, na ya mwenyekiti wa kitongoji au wa jumuiya. Kwa wachimbaji wetu, hiyo ya tatu ndiyo itakayopokelewa.