Kamati ya maafa ipo kwenye sheria. Hapa Lamadi ipo wapi?



Wiki kadhaa zilizopita, mida ya saa mbili usiku, bodaboda iligongana na gari dogo hapa Lamadi, karibu na pale barabara ya Bariadi inapoachana na ile ya Mwanza–Musoma. Mimi nilikuwa upande wa pili nasubiri chipsi. Ndani ya dakika mbili tulishajaa watu zaidi ya hamsini na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongoza. Huyu anasema mnyanyueni, yule anasema msimguse. Wawili walipiga simu namba mbili tofauti, kila mmoja akaambiwa asubiri. Mama lishe mmoja ndiye aliyekumbuka kwenda kusimamisha magari, na kanga yake mkononi. Mwishowe majeruhi tulimpakia kwenye kirikuu iliyokuwa na matenga ya nyanya. Yupo hai, tunamshukuru Mungu. Ila kesho yake nilipoenda kwenye ofisi moja ya umma (jina naliweka kapuni) kuuliza nani huwa mkuu wa tukio kama lile, nilijibiwa hivi: "Wewe umetumwa na nani?"

Sikutumwa na mtu. Nilikuwa nimesoma sheria tu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inataka kamati za maafa kuanzia taifani, mkoani, wilayani, mpaka kwenye kata na kijiji. Mkoani anaongoza Mkuu wa Mkoa, wilayani Mkuu wa Wilaya. Wote hao wanateuliwa na Rais, hatuwapigii kura, na huo ni mjadala wetu wa kila siku, leo nauacha. Ninayoitaka leo ni kamati ya chini kabisa, maana tukio lolote huanzia kwenye kata na kijiji, na wanaofika kwanza ni majirani.

Ziwa letu limeshatufundisha hili kwa bei mbaya. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Uokoaji ulisimamishwa usiku, na siku mbili baadaye akatolewa mtu hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Fikiria usiku ule, kama pangekuwa na taa na wapiga mbizi wa kutosha. Halafu Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Wakafa 19. Wavuvi ndo walifika kwanza na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, akasifiwa na kupewa ajira Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri, anastahili. Lakini serikali ya CCM ikishampa kazi mvuvi mmoja inaona imemaliza, wakati wavuvi wengine wa kanda nzima wamebaki bila jaketi la kuokolea, bila mafunzo, bila hata namba ya kumpigia mtu anayewajua.

Na sisi huku Lamadi tupo kwenye Ghuba ya Speke, maji yaleyale ya Ukerewe. Mabasi na malori ya mafuta yanapita katikati ya mji usiku na mchana. Tembo wa Serengeti tunawajua kwa nyayo zao shambani. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, liliingia kwenye makazi ya watu kote mwambao. Kama kuna mji Simiyu nzima unaohitaji kamati inayofanya kazi, ndo huu.

Marekani walianza na moto wa misitu wa California mwaka 1970. Vikosi vilikuja vingi, kila kimoja na bosi wake na lugha yake kwenye redio, wakagundua tatizo lao kubwa ni kutoelewana. Wakaweka utaratibu: kwenye tukio mkuu ni mmoja, anajulikana, kila anayefika anaripoti kwake. Mwaka 2004 ukawa sehemu ya mfumo wa taifa zima, na baadaye majimbo na miji ikawekewa sharti: unataka ruzuku ya serikali kuu ya kujiandaa na maafa, ufuate mfumo. Yaani kiwango kilikuja kimeshikana mkono na pesa. Kwetu agizo linashuka peke yake. Mtendaji wa kata anapelekewa waraka, hapelekewi hata tochi. Kwa hiyo makamanda, tusimalizie hasira zetu kwa mtendaji, naye kaachiwa zigo.

Msiniambie haiwezekani kwa nchi maskini. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio kanda yetu hii hii kule Sengerema na Shinyanga, unafanya kazi hivyo. Mjamzito akizidiwa inapigwa 115, bure. Anayepokea anajua gari la wagonjwa liko wapi. Kama halipo anaitwa dereva wa kawaida wa hapohapo, aliyeandikishwa mapema, na malipo yake yameshakubaliwa. Hakuna helikopta hapo. Kuna orodha, namba moja, na mtu anayejulikana kuwa ndiye anayeamua. Kwa nini kirikuu ya nyanya isiwe kwenye orodha kama hiyo kwa ajili ya ajali ya bodaboda?

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Usipoitishwa, hilo nalo ni la kuuliza kwa barua. Ukiitishwa, nendeni, hata kama mnajua mwenyekiti atawakatisha. Ulizeni majina ya wajumbe wa kamati ya maafa yasomwe pale mbele ya watu. Ulizeni lini walifanya zoezi mara ya mwisho, na bajeti ya halmashauri ya Busega imewatengea shilingi ngapi. Vijiwe vya boda na mialo ya wavuvi ipeleke mtu wake kwenye kamati, wao ndo zimamoto wetu wa dakika kumi za kwanza.

Mimi nimeshaanza daftari. Mpaka jana jioni lina madereva tisa wa boda, wavuvi wanne wenye injini, na yule mama lishe, ambaye kabla hajakubali kuandikwa aliniuliza kama atapewa kizibao cha kung'aa. Nimemwambia nitaliuliza kwenye mkutano.