Barua ya Katelembo: Theluji Ikiyeyuka Lowell

Kwa wazee, akina mama na vijana wa Katelembo, Machakos,

Salamu zenu zimefika, pamoja na orodha ya karo, dawa ya ng'ombe na mchango wa harusi. Hayo yatajibiwa kwa njia yake ya kawaida, yaani kwa simu. Barua hii haina pesa ndani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na zaidi ya nusu yake ilitoka Marekani, kwa hiyo habari za pesa mnazo tele. Mwenzenu aliye Lowell, katika jimbo la Massachusetts, ameona safari hii awape habari zisizo na risiti: jinsi mtu wa Katelembo anavyotoka kwenye baridi ya Machi akiwa bado ana hamu ya kucheka.

Baridi yenyewe mnaijua kidogo. Mwezi wa Julai ukungu hukalia vilima vya Mua na Iveti hadi saa nne, mabati yakadondosha umande, na watoto wakaenda shule wamejikunyata kama vifaranga. Lakini baridi ya Machakos ina adabu, ikifika adhuhuri inaaga. Ya Lowell ikiingia Desemba haifikirii kuondoka, na nyuzi 15 chini ya sifuri si habari ya kumsimulia jirani. Vitabu vya shule viliamua kuyaita majira haya kipupwe, jina lililochukuliwa kwa watu wa Pwani, ambao kipupwe chao ni ule ubaridi mtamu unaomfanya mtu atafute shuka ya pili. Aliyeamua hivyo hakuwahi kukwangua barafu kwenye kioo cha gari saa kumi na moja alfajiri.

Wenyeji wa hapa wanasimulia theluji kama ninyi mnavyosimulia ukame. Kila mmoja anakumbuka msimu wa 2014 hadi 2015, ilipoanguka Boston theluji ya jumla ya sentimita 281, yaani juu kuliko mlango wa nyumba. Mwenzenu alipopewa beleshi mara ya kwanza na kuambiwa asafishe njia, aliitupa theluji upande wa juu wa mteremko bila kufikiri. Mikono ilikuwa imekumbuka fanya juu. Ndiyo, matuta yaleyale mliyoyachimba na vikundi vya mwethya, udongo ukirushwa juu ya mtaro ili maji yasiondoke na shamba, hadi watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakaandika kitabu kizima mwaka 1994 kueleza jinsi Machakos ilivyozidi kuwa na watu huku mmomonyoko ukipungua. Jirani Mmarekani alitazama ukuta wa theluji uliopangika vizuri, akauliza mwenzenu amesomea wapi. Amesomea shambani kwa mama, kwa mwaitu.

Hata hivyo, si baridi inayomshinda mtu. Giza ndilo linalomshinda. Mwanzoni mwa Desemba jua la Lowell linazama saa kumi na robo jioni, wakati huko Katelembo ng'ombe bado wako malishoni. Anayefanya zamu ya usiku katika makao ya wazee, kama wafanyavyo Wakenya wengi wa mji huu, anaweza kulala mchana wote na kumaliza wiki nzima bila kuliona jua. Mtu anakuwa mzito, chakula hakina ladha, simu ya nyumbani inaita na hana nguvu ya kuipokea. Mkiona amenyamaza Januari, msidhani ameringa.

Aliyelipa jambo hili jina la kitabibu ni mtu aliyetoka kusini mwa bara letu. Norman Rosenthal, daktari wa akili mzaliwa wa Johannesburg, alihamia Marekani mwaka 1976 akashangaa kuona kila ikifika baridi nguvu zinamwishia, na zinarudi jua likirudi. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya huzuni inayokuja na kuondoka na majira, na tiba waliyoijaribu ilikuwa mwanga mkali wa taa. Pengine alihitajika mtu aliyelelewa kwenye jua ili aone kwamba ukosefu wake ni ugonjwa. Wenyeji walidhani ndivyo maisha yalivyo.

Sasa raha.

Ya kwanza inakuja Jumapili ya pili ya Machi, usiku, watu wakiwa wamelala. Saa zote zinasogezwa mbele kwa saa moja. Mwaitu aliposimuliwa alicheka sana, akauliza kama serikali ya Marekani inaweza pia kusogeza mvua. Lakini tazameni kinachotokea. Jioni ya Jumapili hiyo jua la Lowell linazama karibu na saa moja kasorobo, na siku hiyohiyo jua la Machakos nalo linazama karibu na saa moja kasorobo. Miezi yote ya baridi mtu ameishi na saa ngeni, halafu kwa jioni chache saa ya ukutani na saa ya nyumbani zinasema neno moja. Tena tofauti ya saa kati ya huku na huko inashuka kutoka nane hadi saba. Mwenzenu huenda nje na kikombe cha chai ya maziwa, akaketi kwenye ngazi akiwa na koti, akaangalia jua likitua bila haraka. Mwaka wa kwanza alisahau kusogeza saa, akafika kazini amechelewa kwa saa nzima. Hata kukaripiwa siku hiyo hakukumuuma sana, maana nje kulikuwa na mwanga.

Ya pili ni harufu. Theluji inapoyeyuka, ardhi iliyofungwa tangu Desemba inafunguka, na kwa wiki kadhaa kila kitu ni tope. Wenyeji wanalalamikia buti zao. Mwenzenu anasimama kando ya njia na kuvuta pumzi kama mgonjwa aliyepewa dawa, kwa sababu harufu hiyo ni ya Katelembo siku ya mvua ya kwanza. Wanasayansi wana maelezo: bakteria wadogo wa udongoni hutoa kemikali iitwayo geosmini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Bakteria hao wako huku na wako huko, chini ya mawe ya Massachusetts na chini ya udongo mwekundu wa matuta yenu. Kwa hiyo hakuwa anajidanganya. Harufu ni ileile.

Kisha usiku wanaanza vyura, wadogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, wenye sauti kubwa kuliko miili yao. Na mitini kuna watu wanatundika ndoo. Mchana ukipata joto na usiku ukirudi kuganda, mti wa maple hupandisha maji matamu. Wanautoboa kidogo, wanakinga, wanachemsha lita 40 hivi kupata lita moja ya shira. Mzee mmoja alimwonjesha mwenzenu akingoja asifiwe. Ni tamu, hilo halikanushiki, lakini aliyekula asali ya mzinga wa gogo uliotundikwa kwenye mgunga hawezi kulia machozi kwa maji ya mti.

Raha iliyo kubwa kuliko hizo ni kutembea kando ya mifereji. Lowell ulijengwa miaka ya 1820 kwa ajili ya viwanda vya pamba. Maji ya mto Merrimack yaliingizwa kwenye mifereji yakazungusha mashine, na majengo yale marefu ya matofali mekundu bado yamesimama. Machi barafu ya mto inapasuka kwa kishindo, vipande vinagongana kama sufuria jikoni, na watu wasiojuana wanasimama darajani kutazama pamoja, bure kabisa. Mwenzenu alikuwa amepita hapo mara nyingi kabla ya kufikiria neno ambalo susu, nyanya yake, alilitumia kwa kitambaa cheupe kigumu: merikani. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya jimbo hili, kikapakiwa merikebuni katika bandari ya Salem, mwendo wa karibu saa moja kutoka hapa kwa gari, kikapelekwa Zanzibar, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kufanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Kutoka Pwani kilipanda bara mabegani mwa watu. Na waliokuwa na misafara ya bara wakati huo ni akina nani? Ni Wakamba, wakishuka Mombasa na pembe za ndovu na kurudi na nguo. Kivoi Mwenda, aliyemkaribisha mmishonari Krapf kule Kitui mwaka 1849, alikuwa mkubwa katika biashara hiyo. Kwa hiyo mji huu na Ukambani vilijuana kupitia mgongo wa mpagazi kabla mtu yeyote wa Katelembo hajajua viza ni nini. Tangu siku hiyo mwenzenu hajisikii mgeni sana akipita chini ya madirisha yale.

Jumatatu ya tatu ya Aprili hakuna mjadala. Massachusetts ni sikukuu, na ni siku ya mbio za marathoni za Boston. Mtu anapanda treni ya asubuhi kutoka Lowell, na chupa ya chai na mandazi kwenye kiondo, kisha anatafuta mahali pa kusimama. Wakenya hukusanyika na bendera, wa Eldoret na wa Kisii na wa Kiambu, na kwa saa mbili hakuna kabila. Mwaka 2025 walipiga kelele hadi sauti zikakauka: John Korir alishinda kwa wanaume, na Sharon Lokedi akashinda kwa wanawake kwa saa 2:17:22, rekodi ya njia hiyo. Lakini wale wa Bonde la Ufa wanapoanza kujigamba, mtu wa Machakos anatoa jina moja tu: Cosmas Ndeti. Ibrahim Hussein alifungua mlango mwaka 1988, sawa, lakini Ndeti wa Machakos alishinda mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na ile ya 1994 aliimaliza kwa saa 2:07:15. Alishinda mara ya kwanza mtoto wake akiwa na siku chache tu, akamwita Gideon Boston. Huko mwendoni kuna mwinuko ambao Wamarekani wanauita Kilima cha Kuvunja Moyo. Mwenzenu alienda kuuona kwa hofu. Unapanda kama mita 27. Mtoto aliyekulia mahali anapokitazama kilima cha Kiima Kimwe angeuita tuta.

Inabaki Mei, kazi ya jembe. Jalidi haiaminiki hadi katikati ya mwezi, na mwenye haraka hupoteza miche yake usiku mmoja. Hilo mwenzenu alijifunza kwa miche kumi na minane. Sasa anangoja. Ana kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa kitanda cha watu wawili, amepanda kunde, terere na managu. Wapo waliokwenda mbali zaidi: katika shamba la Flats Mentor, mjini Lancaster, wahamiaji kutoka Afrika na Asia hulima mboga za kwao na kuziuza. Mboga za managu zikiwekwa mezani na ugali, chumba kizima kinanyamaza. Muthokoi bado ni tatizo. Hakuna anayeukoboa huku kama mwaitu, na ule unaofika kwa mizigo ya wasafiri unaliwa kwa kuhesabu vijiko.

Msidhani baada ya hayo maisha huku ni pikiniki. Kodi ya nyumba haiyeyuki na theluji, wazee wanaotunzwa wanafariki na majina yao yanabaki kichwani, na Desemba itarudi. Lakini mnapouliza kwa simu, "Uko aje huko?", mwenzenu hujibu "Niko sawa," kwa sababu hajui aanze wapi kueleza kwamba leo alianika nguo nje kwa mara ya kwanza tangu Novemba, zikanukia upepo, na hilo lilitosha kwa siku nzima.

Nanyi semeni zenu. Mnapopiga simu mnatoa taarifa za waliougua, waliozikwa na walioshtakiana juu ya mipaka ya mashamba, na mvua mnaitaja kwa neno moja: imenyesha, haijanyesha. Baada ya misimu mitano mibaya kati ya 2020 na 2022, neno hilo lilikuwa zito na halikuhitaji mapambo. Ila mtu aliye mbali anataka zaidi. Anataka kujua nani alitoa ndoo ya kwanza kukinga maji ya mabati, kama kumbikumbi walitoka jioni ileile au kesho yake, na kama watoto bado wanawakimbiza.

Kwa hiyo ombi lake ni moja, na halina gharama ila salio la simu. Mvua za Machi zikianza, mara nyingi zitawakuta saa kumi jioni. Saa hiyo huku ni saa tatu asubuhi, na mwenzenu ametoka zamu, amefunga pazia, anautafuta usingizi. Mpigieni. Iwekeni simu mezani chini ya mabati, na mtu yeyote asiseme neno.

Wenu,
aliye Lowell