Asiyesoma Chavua Husomewa Hesabu

Wapo wanaodai kwamba kuchunguza visukuku vya chavua na planktoni ni anasa ya vyuo vikuu, na kwamba nchi inayojenga uchumi wake ishughulikie gesi yenyewe, si vumbi la kale. Dai hilo ni kasumba, na hapana budi lipingwe.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004, imo ndani ya mwamba wa mchanga uliotandazwa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Keekee huusaga mwamba ukawa chenga, lakini chembe ya chavua hunusurika kwa udogo wake. Ganda lake haliliwi hata na asidi inayoyeyusha jiwe. Chavua hueleza mimea iliyoota nchi kavu. Planktoni hueleza bahari ilifika wapi na katika zama zipi. Visima viwili vikitoa visukuku vya zama moja, yamkini mchanga wake ni tabaka moja. Visukuku vikitofautiana, matabaka ni mawili, hata kama mchanga unafanana kama pacha.

Hapo ndipo penye fedha. Tabaka moja pana lina hesabu yake ya gesi; vipande vilivyotengana vina hesabu nyingine, na hudai visima zaidi vya gharama kubwa. Mwenye kusoma hadubini ndiye mchora ramani, na mwenye ramani ndiye msemaji mkuu mezani pa mkataba.

Husemwa pia kwamba vipimo vya mitetemo vinatosha. La! Mitetemo huonyesha umbo la tabaka. Umri wake haiutaji.

Udongo wa Kilwa na Lindi umekwisha toa ushahidi. Uchorongaji wa kisayansi uliofanywa huko miaka ya 2000 ulitoa foraminifera, viumbe vidogo vya baharini, waliohifadhika vizuri mno hata wanasayansi wa Ulaya wakawatumia kupima joto la bahari za kale. Udongo unaoufundisha ulimwengu hauna budi kuwafundisha kwanza wana wa nchi hiyo.

Kwa hiyo chenga za kila kisima zihifadhiwe nchini, hadubini zinunuliwe, na vijana wafunzwe kuzisoma. Taifa lisilosoma mwamba wake litasomewa na wengine, nalo litaitikia tu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.