Bahari ikigeuka, Gatumba huhama

Wengi wetu tunadhani Bahari ya Hindi ni habari ya watu wa Mombasa na Dar es Salaam. Sivyo.

Miaka ya kawaida, upepo wa ikweta husukuma maji ya moto ya bahari hiyo kuelekea Indonesia. Miaka mingine upepo hulegea au hugeuka, mikondo nayo hubadilika, na maji ya moto hurundikana upande wetu. Mvua hufuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019.

Mvua za mwisho wa 2019 zilipita kiasi, Ziwa Tanganyika likapanda. Aprili 2020 Mto Rusizi ukaingia Gatumba, pale wachuuzi mnapopita kwenda Uvira. Maelfu walihama.

Mimi nilisomea kambini Kigoma, najua maana ya kulala chini ya hema. Aliyekimbia bunduki akarudi nyumbani asigeuzwe mkimbizi wa maji.

Dalili za bahari huonekana wiki nyingi kabla ya mvua, na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, hutoa utabiri wa kila msimu. Viongozi wautangaze sokoni na makanisani, kwa Kirundi na Kiswahili. Viwanja vya wanaorudi navyo vipimwe mahali pa juu.

Najua bonde lina rutuba na soko liko karibu. Basi tulime bondeni, lakini tulale mlimani.