Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Tarehe 6 Aprili 2020, siku 6 kabla ya Pasaka, serikali ya Kenya ilipiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Tarehe 26 Machi 2021, siku 9 kabla ya Pasaka nyingine, marufuku ilirejea, safari hii ikizihusu kaunti 5: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Baadhi ya watu walipita njia za panya ili wawaone wazazi wao. Siwalaumu. Mama yangu pia alikuwa kijijini, na aliniuliza kwa simu kama sasa nimemtupa.

Naamini kwamba kosa letu sisi wataalamu lilikuwa hili: amri ilitangazwa, lakini hesabu yake hatukuifundisha ipasavyo. Nayo ni hesabu nyepesi. Aliyeambukizwa virusi vya korona kwa kawaida alionyesha dalili baada ya siku 5 au 6, pengine hata 14. Naye aliweza kuambukiza wengine siku 2 hivi kabla ya dalili. Likizo ya Pasaka, tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, ni siku 4.

Tuseme basi kijana ameambukizwa Alhamisi ndani ya matatu. Ijumaa anafika kwao akiwa mzima. Kipimajoto cha askari kizuizini hakimtambui. Jumapili anakula na mama yake, na tayari anaambukiza. Jumatatu anarudi mjini, bado mzima. Jumanne homa inampata. Yeye ana nguvu za ujana. Mama ana miaka 70, na hospitali iko mbali.

Wapo watakaosema kwamba marufuku iliwaumiza wachuuzi na wasafirishaji. Ni kweli kabisa. Kwa sababu hiyo hasa ilistahili kuelezwa, kwani si haki kumtoza mtu gharama kubwa bila kumwambia analipia nini.

Walimu wenzangu, maradhi mengine ya kuambukiza yatakuja. Chukueni kalenda ya likizo yoyote, muwape wanafunzi wazihesabu siku hizo wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii atajua kwamba ziko siku ambazo mwenyeji hupona kwa mgeni kutokuja, na ataweza kumweleza mama yake sababu kabla hajaulizwa.