Makato ya pensheni: mfanyakazi ayaone kila mwezi kwenye simu yake

Tunawafahamu wazee waliofanya kazi miaka mingi kama walinzi, wapishi, madereva na wauguzi. Kila mwezi mshahara wao ulikatwa pesa za uzeeni. Siku ya kupumzika ilipofika, wakaambiwa kwamba miezi mingi haikulipwa. Mwajiri alikata, lakini hakupeleka. Makaratasi yamepotea katika vita na kuhamahama.

Katika nchi yetu, pensheni ya wafanyakazi wasio wa serikali inasimamiwa na CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anaongeza asilimia 5. Kwa mshahara wa franka 300.000, hiyo ni franka 30.000 kila mwezi. Sheria ya 2016 inaomba miezi 180 ya michango, ndiyo miaka 15. Kwa hiyo kila mwezi uliosahauliwa unamrudisha mtu nyuma.

Hapa ndipo simu inaweza kusaidia. Tangu 2011 serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, na tangu M-Pesa ilipofika Kongo mwaka 2012, watu wetu wamezoea kupokea ujumbe mfupi unaosema pesa imeingia. Kwa nini isiwe hivyo kwa michango ya uzeeni? Mwajiri alipe kwa njia ya elektroniki, akitaja jina, namba na kiasi cha kila mfanyakazi. Mara moja ujumbe uende kwa mfanyakazi mwenyewe. Usipofika, ataanza kuuliza mwezi uleule. Hatangoja miaka 15. Na akibadilisha kazi au kukimbia vita, namba yake moja itamfuata pamoja na hesabu yake.

Hata kulipa pensheni kungekuwa rahisi. Mwanzo wa 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifungwa, na wengi walibaki kutegemea pesa za simu. Mzee wa kijijini hangelazimika kutumia sehemu ya pensheni yake kwa safari ya kwenda mjini.

Lakini tusijidanganye. Mahali pasipo mtandao wala umeme, simu haisaidii kitu. Wakala wa simu naye anakata komisheni yake. Mzee asiyejua kusoma anaweza kuibiwa na yule anayemshikia simu na namba ya siri. Tena, mwajiri asiyetaka kuwaandikisha watu wake, programu haitamlazimisha. Hiyo ni kazi ya wakaguzi na ya sheria. Simu inaondoa giza tu.

Na sisi wa makanisa ni waajiri pia. Tuna shule, hospitali na ofisi. Kabla ya kulaumu wengine, tujiulize: mlinzi wetu ameandikishwa? Akiomba leo kuona michango yake, tutamwonyesha nini? Hatuhitaji kungoja mitambo mikubwa. Kila mwisho wa mwezi, mtunza hazina anaweza kupiga picha ya karatasi ya malipo, kwa kila mtu mstari wake peke yake, na kumtumia kwenye simu. Tuanze na hilo mwezi huu.